Nyumba ya Pili kwa Mkopo wa Rehani

Tumeulizwa na baadhi ya wasomaji wetu suala ambalo twaona si la mtu mmoja, kwa hivyo twalijibu hapa ili faida yake iwaenee wengi. Suala lenyewe ni hili. Mtu ana nyumba yake mjini akaayo na ahali zake, na ana kazi ya mshahara. Sasa ataka kununua nyumba nyingine Diani au Watamu, ya kwenda kupumzika na watoto skuli zikifungwa, na siku zilizobaki awakodishe wageni. Pesa taslimu hana. Amekwenda benki, mambo yake yametazamwa, na ameambiwa kuwa amefuzu kupewa mkopo wa rehani. Je, yafaa auchukue? Na ikiwa benki hiyo yafuata sharia ya Kiislamu, je, maneno yamekwisha?

Twaanza na neno hili "kufuzu", kwani twaona ndilo linalowapoteza wengi. Mtu akiambiwa amefuzu hufurahi kama mwanafunzi aliyeshinda mtihani, akawabashiria jamaa zake. Lakini amefuzu nini? Benki imetazama karatasi zake za mshahara, imetazama hisabu yake ya miezi iliyopita, imeuliza katika ofisi zinazoweka khabari za wakopaji kama aliwahi kushindwa kulipa deni, imempeleka mthamini kuipima nyumba, na imemtaka atoe arbuni. Yote hayo ni kwa kutaka kujua jambo moja tu: mtu huyu akifungwa kamba hii, aweza kuivuta miaka ishirini bila ya kamba kukatika? Hatuilaumu benki kwa hilo. Ndiyo kazi yake, na lau haikufanya hivyo ingekuwa yacheza na mali za watu. Lakini suala la kama yafaa mtu huyo afungwe, na afungwe kwa ajili ya kitu gani, benki haikuulizwa wala haikulijibu. Mwenye kurudi nyumbani akadhani kuwa amejibiwa hilo nalo, amejidanganya mwenyewe.

Hapa Kenya iko Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, isemayo kuwa makato yote ya mshahara wa mfanyakazi yasizidi thuluthi mbili, abakiwe kwa uchache na thuluthi moja. Sheria hii imewekwa kama ukuta wa kisima, watu wasitumbukie. Ajabu ni kuwa wako watu ambao wakiuona ukuta huenda wakaukalia. Husema, "Nimebakiwa na thuluthi yangu, na sheria yaniruhusu." Hawakumbuki kuwa sheria imetaja mahali pa mwisho, haikutaja mahali pa kukaa. Sisi Waislamu neno thuluthi si geni kwetu. Sayyidna Saad bin Abi Waqqas alipokuwa mgonjwa alitaka kuusia mali yake yote katika mambo ya kheri, na Mtume (s.a.w.) hakumkubalia illa thuluthi, na hata hiyo akamwambia kuwa ni nyingi, kwani kuwaacha warithi na kitu ni bora kuliko kuwaacha wakiwaomba watu. Thuluthi hiyo ni ya sadaka! Basi vipi huyu wetu, ambaye yu hai na watoto wake wamtegemea, atoe thuluthi mbili za chumo lake kila mwezi, wala si kwa sadaka bali kwa ajili ya baraza ya kutazamia bahari?

Na tufanye hisabu, maana wengi hutia sahihi kabla ya kuifanya. Tuseme mkopo ni shilingi milioni 8, kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, kiwango ambacho si kigeni kwa wakopaji wa Kenya. Malipo ya kila mwezi yatakuwa kiasi cha shilingi 99,480. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, shilingi 93,333 zote ni riba, na zilizopunguza deni ni kiasi cha 6,150 tu. Miaka 20 ikitimia atakuwa amelipa karibu milioni 24 kwa kitu cha milioni 8, mbali na ushuru wa stampu, ujira wa wakili na bima. Kwa mwaka mmoja alipa zaidi ya shilingi milioni 1 na laki 1 na elfu 90. Ikiwa yeye na watoto wake watakaa huko wiki tatu katika mwaka, basi kila siku moja ya mapumziko imemgharimu zaidi ya shilingi elfu 56. Kwa pesa hizo angelikodi nyumba nzima siku zote hizo, akarudi kwake, na zikambakia nyingi, na usiku akalala hana deni.

Ama hukumu ya riba yenyewe hatuna haja ya kuirefushia maneno. Mwenye kusoma mwisho wa Suratul Baqara amesoma maonyo ambayo hayakutolewa kwa madhambi mengi mengine. Lakini twapenda kulitazama neno "rehani", kwa sababu wako wasemao, "Rehani imo katika Qur'ani, basi kosa li wapi?" Ni kweli imo. Na Mtume wetu (s.a.w.) alifariki hali ya kuwa deraa yake iko rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina. Lakini mwenye kuitoa hoja hii na aitoe yote. Rehani katika fiqhi ni amana awekewayo mwenye kudai ili awe na imani ya kulipwa haki yake; si leseni ya deni kuzaa kila mwezi. Kisha, deraa ile iliwekwa rehani kwa kitu gani? Kwa shayiri, chakula cha watu wa nyumbani mwake. Kipenzi cha Mungu hakuona aibu kukopa, wala hakuona vibaya kuweka rehani chombo chake cha vita, ilipokuwa jikoni hamna kitu. Ndipo twasema kuwa kabla ya kuuliza "Nitapewa ngapi?" mtu huuliza "Kwa sababu gani?" Na deni lina uzito ambao sisi tumeusahau. Mtume aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni la dinari chache, hakukubali kumsalia yeye mwenyewe mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Dinari chache! Wala hatujasikia kuwa mtu yule alikopa kwa anasa.

Sasa twafika katika neno ambalo ndilo ngome ya wengi, nalo ni "dharura". Mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilikutana Dublin likatoa fatwa mashuhuri kwa Waislamu wakaao nchi za Magharibi, kwamba asiyepata njia nyingine yuaruhusiwa kununua nyumba kwa mkopo wa benki ya riba. Wako wanavyuoni waliolipinga jambo hilo kwa nguvu, na wako walioliunga mkono. Hatukukusudia leo kuingia kati yao. Tulilolikusudia ni kuwa fatwa hii imevuka bahari ikafika kwetu imekatwa miguu. Watu husema tu, "Wanavyuoni wa Ulaya wameruhusu." Hawasemi wameruhusu nini. Wale walioruhusu waliweka masharti kwa maneno ya wazi: nyumba iwe ya kukaa mwenyewe na ahali zake, mnunuzi asiwe na nyumba nyingine ya kumtosheleza, na asiwe na mali ya ziada ya kumwezesha kununua bila ya mkopo huo. Basi tazama, ewe ndugu. Fatwa iliyo nyepesi kuliko zote katika mlango huu, iliyotolewa kwa watu wanaoishi ugenini, imefunga mlango kwa nyumba ya pili kwa kuitaja. Mwenye kuitumia fatwa hiyo kwa nyumba ya Diani, na funguo za nyumba ya kwanza ziko mfukoni mwake, hakuwafuata wanavyuoni hao, amewasingizia.

Wala dharura si neno la kila atakaye. Wanavyuoni wetu wamepambanua dharura, ambayo mtu akiikosa huangamia au hukaribia. Na haja, ambayo akiikosa hupata mashaka. Na kilicho baada ya hayo, ambacho akikikosa hakosi ila kupendeza. Kulala nje ni dharura. Kubanana watoto wanane katika vyumba viwili ni haja, na mwenye haja hiyo twamhurumia na twataka jamii imsaidie. Kutamani upepo wa Watamu mwezi wa Disemba hakumo katika hayo mawili. Mtume (s.a.w.) alipotaja matandiko ya nyumbani alitaja moja la mume, moja la mke, na la tatu la mgeni, la nne alilinasibisha na Shetani. Hatusemi kuwa hadithi hiyo yaharimisha kitanda cha nne, wala Imam Nawawi hakuifasiri hivyo. Aliielekeza kwenye kinachozidi haja kwa ajili ya kujionyesha. Lakini yaonyesha kuwa hisabu ya vitu vya nyumbani ina mwisho, na mwisho wake ni haja ya watu, hata mgeni akahisabiwa.

Asije mtu akadhani kuwa twakataza nyumba ya pili. Wazee wetu walikuwa nazo. Watu wengi wa Mvita waliokuwa na nyumba za mawe mjini walikuwa na mashamba Kisauni na Likoni, na watu wa Lamu walivuka kwenda mashamba yao ya bara, wakakaa huko msimu wa maembe na wakati wa kuangua nazi. Watoto walicheza, wagonjwa walibadilisha hewa, na jamaa maskini walikuwa na mahali pa kufikia. (Wala hatusahau kuwa mengi ya mashamba hayo, kabla ya utumwa kuondoshwa pwani hii mwaka 1907, yalilimwa kwa jasho la watu wasiokuwa na khiari. Hilo si la kujifakharisha nalo, na mwenye kuyasifu mashamba ya zamani na alitaje.) Tulichotaka kuonyesha ni kuwa nyumba ile ya pili ilikuwa yalisha. Mnazi wazaa kila baada ya miezi, uwe na mgeni usiwe na mgeni. Nyumba ya leo ya ufukweni hailishi, yalishwa.

Na jinsi mashamba hayo yalivyowatoka wenyewe ni kisa ambacho vijana wetu hawakukisikia sana. Unguja na Pemba, na pwani hii pia, kulikuwa na mauzo yakiitwa bei kheri, na asili ya neno ni bei ya khiari. Mwenye shamba humwendea mwenye pesa, akamuuzia shamba kwa sharti kuwa siku akirudisha pesa zile atarudishiwa shamba lake. Kisha yule muuzaji haondoki. Hukaa pale pale katika shamba lile lile, akampa mwenye pesa "kodi" kila mwaka, na kodi hiyo hisabu yake haikutazama shamba, ilitazama kiasi cha pesa zilizotolewa. Riba haikutajwa hata mara moja. Karatasi zilikuwa safi, mashahidi Waislamu. Na mashamba yakaenda. Wengine walikopa kwa kulimia, wengine kwa arusi na sherehe ambazo kesho yake zilisahauliwa. Hata mwaka 1934 Serikali ya Unguja ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia mashamba yasiendelee kuuzwa kwa madeni. Wako wanaowalaumu wenye kukopesha peke yao. Sisi twasema kuwa mkopeshaji hakumfuata mtu kitandani kwake. Na lililowafanya watu wasione hatari ni kule kuambiwa kuwa jambo hili lina jina la kisharia.

Ndiyo maana suala la pili la muulizaji, la benki ya Kiislamu, hatulijibu kwa neno moja. Tangu mwaka 2008 ziko nchini Kenya benki zinazofanya kazi kwa kufuata sharia, nasi twazitakia kheri, kwani zimewafungulia Waislamu mlango ambao wazee wetu hawakuwa nao. Njia inayotumika sana katika nyumba ni ya ushirika unaopungua: benki na mteja wainunua nyumba pamoja, mteja hulipa kodi ya fungu la benki, na kidogo kidogo hulinunua fungu hilo mpaka nyumba ikawa yake yote. Hii yafaa, ikiwa ni kweli. Na ukweli wake hujulikana kwa kuuliza: nyumba ikiungua au ikibomoka bila ya kosa la mteja, benki yabeba hasara ya fungu lake au yamwachia mteja yote? Akichelewa kulipa, faini yaingia katika faida ya benki au hutolewa sadaka? Ikiwa hasara yote ni ya mteja na faida yote ni ya benki, basi hiyo ni bei kheri imevaa kanzu mpya. Lakini tuseme masharti yote ni safi. Mkataba umekuwa halali, na twamhukumia hivyo bila ya wasiwasi. Je, imekuwa hekima? Nyama ya kuku aliyechinjwa kwa bismillahi ni halali, na mwenye kuikopa kila siku hali ya kuwa watoto wake wadaiwa ada ya skuli bado ana la kujibu. Miaka ishirini ya malipo ni miaka ishirini, hata ikiandikwa kwa Kiarabu.

Hapo huja jawabu ambalo twalisikia kila mara: "Nyumba itajilipa yenyewe kwa wageni." Twawakumbusha mambo ambayo wote tuliyashuhudia. Mwezi wa Mei 2014 Serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasije Mombasa, na kampuni za safari zikawaondosha wageni waliokuwako, wakapanda ndege kabla ya siku zao. Hoteli zikafungwa na watu wakaachishwa kazi. Kisha mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kuingia Kenya, na hazikurudi mpaka Agosti. Mgeni aweza kutokuja. Tarehe ya kulipa haikosi kuja. Tena biashara ya wageni si nyumba tu. Ina mlinzi, ina mpishi, ina chumvi ya bahari inayokula mabati na mota za maji, na ina suala la nani yualala humo na nani, na wanywa nini, ambalo Mwislamu mwenye nyumba hawezi kulifumbia macho akasema si lake.

Wako pia ndugu zetu waliohamia Marekani, nao wametuletea jambo ambalo huenda likafika kwetu. Huko nyumba ya mapumziko na nyumba ya kukodisha hazina masharti sawa. Kwa mikopo inayofuata kanuni za shirika la Fannie Mae, mwenye kununua nyumba ya pili kwa matumizi yake mwenyewe aweza kutoa arbuni ya asilimia 10. Lakini akiinunua ili iwe mali ya kukodisha, hutakiwa asilimia 15 kwa uchache, na riba yake huwa kubwa zaidi. Sharti ni kuwa yeye mwenyewe aikae nyumba hiyo sehemu ya mwaka, na iwe chini ya mamlaka yake. Basi hutokea mtu akaandika kuwa ni ya mapumziko, naye tangu siku ya kwanza amekusudia kuikodisha mwaka mzima, na husema, "Kila mtu hufanya hivyo." Sheria ya huko huhisabu uwongo wa namna hii katika maombi ya mkopo kuwa jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 30. Lakini hata lau kusingalikuwa na kifungo hata cha siku moja, Mwislamu hawezi kuapa juu ya karatasi jambo asilolikusudia. Kumnyima benki ukweli kwa kuwa benki yala riba hakumsafishi mwongo. Na twaona ajabu ya mtu anayeuliza sana habari za mkataba kuwa halali, kisha akaujaza kwa kalamu ya uwongo.

Limebaki jambo moja, nalo muulizaji hakulitaja, lakini twalijua kwa kuwa limekwisha kutokea katika mitaa yetu zaidi ya mara moja. Mtu akikosa arbuni ya kutosha, au mshahara wake ukiwa hautoshi kubeba nyumba ya pili, huambiwa aitoe nyumba ya kwanza iwe dhamana. Nyumba hiyo mara nyingi ndiyo wanamokaa mama yake na mke wake na watoto wake. Pengine ni ya urithi, na dada zake wana mafungu yao humo ambayo hayajagawanywa. Kwa fungu la mtu mwingine hana haki ya kuweka rehani hata tofali moja, na hilo halina khilafu. Ama nyumba ya ndoa, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imesema kuwa haiwezi kuwekwa dhamana ya mkopo ila mke awe ametia sahihi au pawe na dalili kuwa ameridhia. Sheria hiyo imewekwa kwa ajili ya wanawake, na wengi wao hawaijui. Huletewa karatasi jikoni, kidole kikaonyesha mahali, wakatia sahihi kwa kumstahi mume. Malipo yakisimama, benki hutoa ilani ya miezi mitatu, kisha nyingine ya siku arubaini, kisha nyumba huenda mnadani. Na iendayo yaweza kuwa hii ya mjini, si ile ya ufukweni.

Basi mke akiletewa karatasi hizo na asizitie sahihi usiku huo huo. Ikiwa hasomi lugha yake na atafute wa kumfasiria asiyekuwa mumewe wala karani wa benki. Kisha amuulize mumewe, kwa adabu na bila ya ugomvi: siku mgeni asipokuja, tutalipa kwa nini? Na wewe ukifa kabla ya miaka ishirini, mimi na mamako tutakaa wapi? Ndugu aliyetuletea suala hili twamwomba ayasikilize masuala hayo mawili nyumbani kwake, ayajibu kwa tarakimu, kisha ndipo arudi benki au aturudie sisi.